Jaribio la Tinde na Kinga ya Maabara

Barabara itokayo Shinyanga kwenda magharibi hufika Tinde, na hapo hugawanyika. Tawi moja huelekea Nzega na Tabora. Tawi la pili huelekea Kahama, hupita Ushirombo, kisha huendelea hata mipaka ya Rwanda na Burundi. Ushirombo leo ni makao makuu ya Wilaya ya Bukombe katika Mkoa wa Geita, mkoa ulioundwa mwaka 2012. Zamani nchi hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya Kahama. Wenyeji wake wa asili ni Wasumbwa, watu wa jembe, wa asali na wa safari za biashara. Wasukuma na ng'ombe wao wamekuja kwa wingi baadaye, na wachimbaji wa dhahabu nao wamejitwalia sehemu yao. Nchi yote hiyo imezungukwa na misitu ya miombo, na katika miombo hukaa mbung'o, ambaye watu wengi wa bara humwita ndorobo.

Mbung'o huyu ndiye aliyeifunga misitu ya Ushirombo na mji mdogo wa Tinde katika historia moja. Upande wa magharibi ugonjwa wa malale ulikuwa mwituni, na serikali ya wakati ule ilitaka watu wakae mbali nao. Upande wa Tinde ugonjwa ule ule uliwekwa ndani ya nyumba ya utaalamu, ukafugwa kama mifugo ifugwavyo. Ulipewa kondoo na paa wa kukaa ndani yao, ukapewa mbung'o wa kuuhamisha kutoka mnyama hata mnyama, na mara kwa mara ukajaribiwa katika mwili wa binadamu. Kazi hiyo ilidumu miaka 18, na katika maandishi ya wataalamu imeitwa Jaribio la Tinde.

Vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki sasa vina maabara nyingi zinazoshughulika na vijidudu vya maradhi. Mwanafunzi anayeingia humo hufundishwa kuvaa mipira ya mikono, kutokula wala kunywa mezani pa kazi, kutoirudishia sindano kifuniko chake, na kuchemsha kwa mvuke kila kitu kilichoguswa na vijidudu kabla hakijatupwa. Mafundisho hayo ni mema. Lakini kanuni isiyojulikana imetoka wapi hushikwa kama maneno ya kukariri, na mtu huiacha siku ya kwanza apatapo haraka. Historia ya Tinde yafaa kusomwa kwa sababu hiyo. Yaonyesha kwamba hatari iliyomo katika utafiti haiondoki kwa kufunga mlango. Huchukuliwa na mtu fulani, na swali la kwanza la kinga ni nani huyo aliyeichukua, na kama alijua.

Ili kufahamu kwa nini jaribio kama hili lilifanywa, yapasa kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1891 Mapadri Weupe walianzisha misheni yao Ushirombo. Katika miaka hiyo hiyo sotoka ilipita Afrika ya Mashariki ikaangamiza ng'ombe pamoja na nyati na wanyama wengine wa jamii yao. Nyuma yake zikaja njaa, ndui, funza na vita vya kuingia kwa Wadachi. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya mazingira na maendeleo ya uchumi katika historia ya Afrika ya Mashariki, ameeleza jinsi msiba huo ulivyogeuza nchi. Watu walipopungua, mashamba yalirudi kuwa pori. Pori lilipositawi, wanyama wa mwitu walirejea. Na walipo wanyama na vivuli, mbung'o hakukawia. Nchi ambayo mtu aliitawala kwa jembe na moto ikarudi mikononi mwa mdudu.

Malale ya binadamu ni ya namna mbili. Namna ya kwanza, iitwayo gambiense, ndiyo iliyopiga pwani za Ziwa Victoria upande wa Uganda mwanzoni mwa karne ya ishirini, ikaua watu wanaokadiriwa kupita 200,000. Namna ya pili, iitwayo rhodesiense, ilitambuliwa mwaka 1910 na J. W. W. Stephens na Harold Fantham huko Liverpool, katika damu ya mgonjwa aliyetoka bonde la Luangwa, nchi ambayo sasa ni Zambia. Hii ya pili ni kali zaidi: mgonjwa asiyetibiwa huweza kufa katika miezi michache. Katika Tanganyika ilionekana Maswa mwaka 1922, na katika miaka iliyofuata ikajulikana katika miombo ya wilaya za magharibi. Aliyeugua aghalabu ni mtu wa porini: mrina asali, mwindaji, mkata kuni, msafiri wa njia za miguu.

Dakta George Maclean, aliyesimamia kazi ya malale katika Tanganyika, alishikilia kwamba watu waliotawanyika porini hawana kinga, na kwamba wakikusanywa pamoja watafyeka nchi ya kutosha kumfukuza mbung'o. Vikaundwa vijiji vya malale. Watu waliamriwa kuacha mahame yao, makaburi ya wazee wao na mizinga yao, wakajenga mahali palipochaguliwa na serikali. Huko Shinyanga kwenyewe, Charles Swynnerton alikuwa akijaribu njia nyingine: kuchoma na kufyeka pori kwa mpango, akisaidiwa na Mtemi Makwaia na watu wake. Swynnerton ndiye aliyekuwa mkuu wa idara ya utafiti wa mbung'o hata alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938.

Basi swali lilikuwa hili. Je, vijidudu vya rhodesiense vikikaa muda mrefu katika wanyama tu, bila kupita katika mwili wa mtu, husahau njia ya kumwambukiza mtu? Kama husahau, nchi iliyohamwa hujitakasa yenyewe baada ya miaka, na watu wanaweza kurudi kwenye mahame yao bila woga. Kama havisahau, pori tupu ni pori la hatari, hata kama halijakanyagwa na mtu kwa muda wa kizazi kizima. Mtu wa Ushirombo aliyehamishwa alikuwa na haja ya jibu hilo kuliko profesa yeyote wa Ulaya, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Kabla ya kuingia Tinde, yafaa kukumbuka kwamba wakati huo wataalamu walikuwa wamekwisha kujifunza kwa uchungu kwamba vijidudu havimheshimu msomi. Joseph Everett Dutton ndiye aliyeipa namna ya gambiense jina lake, baada ya kuiona katika damu ya mtu huko Gambia. Baadaye alikwenda Kongo pamoja na mwenzake John Lancelot Todd. Huko walionyesha kwamba homa ya papasi huletwa na papasi. Wote wawili wakaugua homa hiyo hiyo waliyokuwa wakiichunguza, na Dutton akafa Kasongo tarehe 27 Februari 1905. Mwaka uliofuata alikufa Luteni Forbes Tulloch, daktari wa jeshi aliyekuwa katika tume ya malale huko Entebbe. Malale yake hayakutoka kwa mbung'o wa ziwani. Aliyapata katika kazi ya maabara, na yasimuliwa kwamba mlango wa ugonjwa ulikuwa jeraha dogo la mkono alipokuwa akipasua panya. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa Dutton na Tulloch methali hiyo ilikuwa kweli tupu.

Vifo hivyo vilikuwa ajali, na waliokufa walikuwa wenye kujua kazi yao. Lakini katika miaka iliyofuata uliingia mtindo mwingine, wa kumtia mtu hatarini kwa makusudi ili elimu ipatikane. Daktari Mdachi Max Taute alitaka kuthibitisha kwamba vijidudu vya wanyama wa mwitu, viitwavyo brucei, ni vitu mbali na vile vinavyomwua mtu. Alijidunga mwenyewe damu yenye vijidudu hivyo, na hakuugua. Kisha, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika ya Mashariki, yeye na mwenzake Huber waliwadunga Waafrika zaidi ya 100 damu ya wanyama wagonjwa, nao hawakuugua. Matokeo yakachapishwa mwaka 1919 kama ushahidi wa elimu.

Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa, ingawa sindano ni moja. Taute alipojidunga alijua anachokijaribu, alijua dalili za ugonjwa, na alikuwa na uwezo wa kukataa. Mwafrika aliyesimama mbele yake wakati wa vita, chini ya amri ya jeshi la mtawala, alikuwa na mkono tu. Kwamba hakuugua ni bahati yake, na bahati haihesabiwi kuwa kinga. Kama dhana ya Taute ingalikuwa na kosa, kosa hilo lingalilipwa na watu zaidi ya mia ambao hawakuwa na dhana yoyote.

Jaribio la Tinde lilianza mwaka 1934, chini ya Dakta J. F. Corson. Ukoo wa vijidudu vya rhodesiense ulitolewa katika damu ya mgonjwa, ukatiwa katika kondoo. Mbung'o safi wakaachwa wamnyonye kondoo huyo. Si kila mbung'o anyonyaye damu ya mgonjwa huambukizwa. Wengi hubaki safi. Katika wale wachache waliopokea, vijidudu hukaa kwanza tumboni, hubadilika, kisha hupanda hata kwenye tezi za mate. Safari hiyo huchukua kama majuma matatu au zaidi. Ndipo mbung'o huyo anapoweza kuambukiza. Huwekwa juu ya kondoo mwingine, au paa, na mzunguko huanza upya.

Msomaji wa leo yafaa azingatie kwamba wakati huo hapakuwa na njia nyingine ya kuutunza ukoo kwa kufuata njia yake ya asili. Vijidudu havikuweza kuwekwa kabatini. Kuvihifadhi kulikuwa kuviweka hai, na kuviweka hai kulitaka mnyororo usiokatika wa kondoo, mbung'o na watu wa kuwahudumia. Kila siku ya miaka hiyo palikuwa na mtu wa kumshika kondoo mgonjwa, mtu wa kufungua kizimba cha mbung'o, mtu wa kuchota damu, mtu wa kuzoa kinyesi na kuzika mizoga. Katika historia ya sayansi kazi hizo hazina jina. Katika historia ya kinga ndizo kazi za kwanza kutazamwa, kwa kuwa aliye karibu zaidi na kijidudu ni mtunza mifugo, na mwandishi wa ripoti yuko mbali naye.

Mara kwa mara mbung'o wa Tinde waliwekwa juu ya mikono ya watu, ili ijulikane kama ukoo ule bado unaweza kumwambukiza binadamu. Maandishi huwaita watu hao watu wa hiari. Walitazamwa, damu yao ikapimwa, na walipoonekana kuambukizwa walitibiwa. Kulikuwa na dawa ya suramini, iliyotumika tangu miaka ya 1920, ambayo huponya ugonjwa ukiwa bado katika damu. Lakini malale yakipita yakaingia ubongoni, suramini haiyafikii. Na melasoproli, dawa ya kwanza iliyoweza kuyafikia malale makali ya rhodesiense, ilikuja mwaka 1949, nayo ina sumu ya aseniki inayoua wagonjwa wapatao watano katika kila mia. Uhai wa mtu wa hiari ulitegemea basi kwamba ugonjwa wake utaonekana mapema, na kwamba anayeutazama hatasahau, hatachoka, wala hatasafiri.

Wala haifai kusema kwamba wataalamu wa Tinde hawakujali. E. Burtt alibuni njia nzuri sana ya kumjua mbung'o aliyeambukizwa bila kumweka juu ya mnyama wala mtu. Kipande cha kioo hupashwa moto kidogo, kama joto la ngozi. Mbung'o aliye kizimbani huwekwa juu yake. Hudanganyika, akatia mrija wake kama anayetaka kunyonya, na kuacha mate kidogo juu ya kioo. Kioo hutazamwa kwa hadubini. Kama mna vijidudu, mbung'o huyo ni wa hatari. Kama hamna, hurudishwa kizimbani angoje siku nyingine. Njia hiyo ilichapishwa mwaka 1946, na imetumika katika maabara nyingi tangu hapo. Mwaka huo huo H. Fairbairn na Burtt walionyesha kwamba mtu huhitaji kupokea idadi fulani ya vijidudu, kiasi cha 300 au zaidi, ndipo augue. Mbung'o mmoja hutema maelfu, mwingine hutema wachache. Kwa hiyo mtu aweza kuumwa na mbung'o mgonjwa asidhurike, na kesho akaumwa na mwingine akadhurika.

Neno hilo la mwisho lina maana kubwa kwa kila anayefanya kazi na vijidudu. Katika maabara nyingi pana mtu ambaye amewahi kujichoma sindano, au kumwagikiwa na damu, asipatwe na kitu. Na tangu siku hiyo huwacheka wenye kujihadhari. Hesabu ya Tinde yamjibu. Alichokipata siku ile ni dozi ndogo. Usalama wake ulikuwa katika idadi ya vijidudu, na idadi hiyo hakuichagua yeye.

Mwaka 1955 K. C. Willett na Fairbairn walitoa ripoti ya jaribio lote. Baada ya miaka 18 ya kupita katika kondoo na paa kwa njia ya mbung'o, ukoo wa Tinde ulikuwa bado unaweza kumwambukiza mtu. Jibu la swali la misitu likawa wazi: vijidudu havisahau upesi. Pori lililohamwa laweza kubaki na ugonjwa kwa muda mrefu, na mwenye kurudi humo hana ahadi yoyote ya usalama. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1958, R. B. Heisch, J. P. McMahon na P. E. C. Manson-Bahr walithibitisha jambo hilo porini huko Nyanza, Kenya: walipata rhodesiense katika damu ya pongo wa mwitu, na uthibitisho wao pia ulipitia mwili wa mtu wa hiari. Mwaka 1966 R. J. Onyango na wenzake walionyesha kwamba ng'ombe wa nyumbani aweza naye kuwa ghala la ugonjwa.

Elimu hiyo ni ya kweli na yenye faida. Mwaka 1957 Fairbairn na D. G. Godfrey waliandika juu ya uvimbe unaotokea mahali mtu alipoumwa na mbung'o mwenye rhodesiense: uvimbe wenye wekundu na maumivu, unaojitokeza siku chache baada ya kuumwa, kabla ya homa. Daktari wa leo anayemwona mrina asali mwenye uvimbe wa namna hiyo, au mtafiti aliyejichoma sindano naye anakitazama kidole chake kila asubuhi, anatumia elimu iliyotoka katika mikono ya watu wa hiari. Historia imeyashika majina ya madaktari. Majina ya wenye mikono haikuyashika.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Mwaka 1947, katika hukumu ya madaktari wa Hitler mjini Nuremberg, iliandikwa kwamba ridhaa ya mtu anayefanyiwa jaribio ni sharti la lazima, na kwamba awe na uhuru wa kuchagua na fahamu ya kutosha ya kinachomngoja. Jaribio la Tinde lilikuwa bado linaendelea. Azimio la Helsinki la madaktari wa dunia lilikuja mwaka 1964. Kati ya nyakati hizo mbili, neno hiari lilitumika sana katika nchi zilizotawaliwa, ambako mtu mmoja alikuwa mtawaliwa, mgonjwa wa kesho, na mara nyingine mwajiriwa wa yule yule anayemwomba mkono. Hiari ya mtu wa namna hiyo haiwezi kupimwa kwa kusema kwamba hakukataa.

Yawezekana msomaji akauliza: je, kulikuwa na njia nyingine? Jibu la haki ni kwamba wakati ule haikuwapo, na ilipotafutwa kwa bidii ilipatikana. Njia hiyo ilikuja kwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni baridi. Mwaka 1957 Christopher Polge na M. A. Soltys walieleza jinsi ya kuvigandisha vijidudu vya malale katika baridi kali bila kuviua, wakitumia gliserini. Mwaka 1962 M. P. Cunningham na J. M. B. Harley, katika shirika la utafiti wa malale la Afrika ya Mashariki lililokuwa na makao yake Tororo, Uganda, walionyesha kwamba hata vijidudu vya mate ya mbung'o vyaweza kuhifadhiwa hivyo. Tangu hapo ukoo waweza kulala miaka mingi ndani ya kichupa. Mnyororo wa kondoo na mbung'o haukuhitajika tena kwa ajili ya kuhifadhi tu, na watu waliokuwa wakiubeba mnyororo ule wakaondolewa hatarini. Pengine hakuna kanuni ya usalama iliyookoa mikono mingi kuliko baridi hiyo.

Hatua ya pili ni panya. Mwaka 1970 L. R. Rickman na J. Robson walichapisha njia ya kutofautisha brucei na rhodesiense bila kumwambukiza mtu yeyote. Damu ya binadamu ina kitu kinachoua brucei wa kawaida, rhodesiense hakiwezi. Basi vijidudu huchanganywa na damu ya mtu nje ya mwili wake, katika joto la mwili, kwa saa kadhaa. Kisha panya hudungwa mchanganyiko huo. Panya akiugua, vijidudu vimeishinda damu ya mtu. Binadamu alitoa damu tu, akaenda zake. Swali ambalo Taute alilipeleka kwa wapagazi wa vita, na Tinde ililipeleka kwa watu wa hiari, likajibiwa katika chupa.

Hatua ya tatu ni jeni. Mwaka 1998 wataalamu wa Brussels walionyesha kwamba rhodesiense ana jeni moja, iitwayo SRA, inayomwezesha kuishinda damu ya binadamu. Na mwaka 2003 walitaja protini ya damu yetu inayoshindwa nayo. Leo mtafiti aweza kuchukua damu ya ng'ombe wa Bukombe, au tumbo la mbung'o aliyenaswa katika mtego wa kitambaa cha buluu, akaitafuta jeni hiyo bila hata kukikuza kijidudu. Hatari iliyokuwa ya mtu ikawa ya panya. Iliyokuwa ya panya ikawa karibu kutokuwapo.

Njia hizo tatu zina fundisho moja. Katika kila hatua usalama uliongezeka kwa kuuliza kama kazi ile ile yaweza kufanywa bila kiumbe kilicho hatarini, kabla ya kuuliza jinsi ya kukikinga. Hata mbung'o mwenyewe aliweza kuingizwa katika hesabu hiyo. Katika kazi ya kuondoa mbung'o Unguja, kati ya mwaka 1994 na 1997, madume zaidi ya milioni 8 yaliyozalishwa katika kituo cha Tanga na kutiwa utasa kwa mionzi yaliachiliwa kutoka ndege. Mdudu aliyekusudiwa kutoka nje alitengenezwa kwanza asiweze kuzaa na asiwe mchukuzi wa ugonjwa, ndipo akafunguliwa. Mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina mbung'o.

Sasa yafaa kuyatazama maabara ya vyuo vikuu kwa macho ya historia hiyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa usalama wa maabara mwaka 1983. Katika chapa ya nne, ya mwaka 2020, mwongozo umeacha kutegemea sana madaraja ya majengo, na umeweka mbele upimaji wa hatari: jambo gani laweza kutokea, kwa uwezekano gani, na kwa madhara gani, katika kazi hii, kwa watu hawa, mahali hapa. Katika orodha za Uingereza na Umoja wa Ulaya, rhodesiense imewekwa katika kundi la 3 miongoni mwa makundi manne ya vijidudu. Lakini namba hiyo haitoshi kumwambia mkuu wa maabara kama umeme utakatika usiku, kama mpira wa mikono utakwisha katikati ya muhula, au kama dawa ya dharura iko karibu.

Upimaji wa hatari ukifanywa kwa unyofu hauwezi kuwaacha nje watu wa Tinde, yaani wale ambao kazi yao haina jina. Mtunza panya hushika meno na makucha. Mfagiaji hubeba mfuko ambao hakuambiwa kilichomo, na sindano moja iliyotupwa ovyo yatosha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili hufanya kazi usiku, peke yake, kwa kuwa mashine ziko huru saa hizo; naye huona haya kueleza kwamba amejichoma, akihofia kuitwa mzembe. Kamati ya usalama inayojua idadi ya makabati ya chuma yaliyonunuliwa, isijue ni ajali ngapi zimefichwa, haijui kitu. Ripoti ya ajali yapaswa kupokewa kama habari ya moto ipokewavyo kijijini: watu hukimbilia maji kwanza, na maneno ya lawama hungoja.

Kadhalika upimaji huo hauwezi kumwacha nje mtu wa Ushirombo. Watafiti huendelea kwenda katika nchi hiyo kuchukua damu ya ng'ombe na ya watu, kwa ajili ya malale na maradhi mengine. Damu hiyo husafiri kwa barabara ile ile ya Kahama na Tinde kuelekea mijini. Mtu aliyeitoa ana haki ya kujua itafanyiwa nini, itahifadhiwa wapi, na nini kitaonekana ndani yake. Zaidi ya hayo ana haki ya kupata jibu. Jibu la Tinde lilichapishwa mwaka 1955 katika jarida la wataalamu wa Liverpool, kwa lugha ambayo mrina asali wa Ushirombo hakuisoma, ingawa lilihusu msitu wake. Elimu iliyotolewa katika mwili wa mtu ikakosa kurudi kwake ni deni, na deni hilo halifutwi na utaratibu wowote wa kuosha mikono.

Malale yamepungua sana. Mwishoni mwa mwaka 2023 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walitoa maoni ya kukubali feksinidazoli, kidonge cha kumezwa, kwa ajili ya rhodesiense; na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika mwongozo wake wa tiba. Yawezekana wanafunzi wa leo wataona siku ambayo aseniki itasahauliwa. Lakini misitu ya Moyowosi na Kigosi bado iko, wanyama wako, mbung'o wako, na Tinde ilikwisha kuonyesha kwamba kijidudu hungoja. Maradhi mengine yatakuja, mengine yasiyo na dawa, na swali la zamani litarudi kwa vijana watakaovaa makoti meupe: jambo hili twahitaji kulijua, ni nani atakayebeba hatari ya kulijua?

Maabara yenye kinga ni ile inayoweza kulijibu swali hilo mbele ya mfagiaji wake, mbele ya mwanafunzi wake, na mbele ya mtu aliyetoa damu, bila kubadilisha jibu. Vifaa hununuliwa kwa fedha, nazo zaweza kupatikana au kukosekana. Jibu hilo halihitaji fedha. Lahitaji mkuu wa maabara aliyekwisha kujiuliza, kabla hajaomba mkono wa mwingine, kama angeuweka wake mahali pale pale, akijua yote anayoyajua.